Taa Iliyomruka Chiriku

Ukumbi wa starehe ukiuona mchana utauonea huruma. Ule uliokuwa ukiwatoa wanafunzi mabwenini kila mwisho wa juma, na viatu vya kuazima na manukato ya kuchangia, saa za mchana ulikuwa chumba kikubwa tu chenye harufu ya sabuni ya sakafu. Viti vimepandishwa juu ya meza, miguu hewani. Makreti ya soda yamezuia mlango. Ukutani, pale wapenzi wanapopenda kuegemea, rangi imebanduka na kuacha alama za migongo. Chiriku aliupenda hivyo hivyo, kama unavyompenda ndugu yako kabla hajaosha uso.

Jumamosi hiyo alifika mapema, wapiga vyombo hawajaja bado, na hakuja kufanya mazoezi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi ya chuma inayopanda hadi kwenye kibanda cha taa, akaona miguu miwili anayoijua imesimama juu kabisa.

"Fundi, shuka."

"Nakaza nati hii kidogo."

"Nati haitakimbia. Shuka, nimekuja na balaa."

Miguu ikashuka, na mwenye miguu akatokea: kijana mrefu, mpole wa uso, spana ndogo mdomoni na vumbi la dari nyweleni. Akaitoa spana, akaifuta kwenye suruali, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa ugonjwa wake.

"Shangazi anakuja leo," Chiriku alisema.

"Anakuja wapi?"

"Hapa! Onyesho la alasiri. Atakaa mbele kabisa, na haji peke yake. Anakuja na Mfamasia."

Habari za Mfamasia mji mzima ulikuwa nazo. Alikuwa na duka la dawa mkabala na lango la chuo, kijana wa watu, mwenye adabu, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Alikuwa ametuma wazee wake kwa shangazi, na shangazi aliwapokea kwa mikono miwili, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea Chiriku tangu akiwa wa kubebwa mgongoni na ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani. Kazi ya shangazi ilikuwa kusimamia mitihani pale chuoni. Amesimamia mitihani mpaka imemwingia damuni. Hata akikuuliza umekula nini, unajihisi umeibia jibu.

Na shangazi watu wa ukumbini hakuwataka. "Kazi yao ni kuwafurahisha wengine," alikuwa akisema. "Wakirudi nyumbani furaha imekwisha, wewe unaletewa makombo." Alimruhusu Chiriku aimbe mwisho wa juma kwa sharti moja: asome ualimu wake amalize, na moyo wake asiusahau jukwaani.

"Wazee wake wanakuja kesho mchana kusikia jibu," Chiriku aliendelea. "Shangazi aliniuliza kama kule ukumbini nina mtu. Nikamwambia sina."

"Ulimwambia huna."

"Ningemwambia nini? Kwamba nina taa?"

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, msomaji, na afadhali ukijue mapema. Juu ya mlango wa ukumbi kulikuwa na taa kubwa inayozungushwa kwa mkono, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwandama mwimbaji mkuu popote aendapo. Mwimbaji mkuu aliitwa Malkia, na alilibeba jina hilo bila taabu. Chiriku alikuwa mwitikiaji, nafasi yake nyuma kushoto, karibu na ngoma. Lakini kila Malkia alipovuta pumzi, ile taa ilimwacha taratibu, ikapita juu ya kinanda, ikaenda kutua kwa Chiriku. Wanafunzi walishaona zamani. Ikianza tu safari yake, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Taa imekwenda kwao!" na vicheko vikafuata. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja tu, Fundi mwenyewe, ambaye kila Jumatatu alipanda na spana kukaza nati akidhani shingo ya taa imelegea.

Chiriku alijua. Alijua na akanyamaza, na kwa msichana aliyepewa jina la ndege mwenye domo tangu utotoni, kunyamaza huko kulikuwa kazi nzito kuliko masomo yote ya ualimu. Alikuwa anasubiri mdomo wa Fundi useme kile ambacho mkono wake ulishakitangaza kwa umma. Mwaka mzima sasa.

"Leo usinimulike," alimwambia. "Hata kidogo. Shangazi akiiona hiyo taa yako inavyonijia, kesho sitakuwa na la kusema."

"Hata kwenye ubeti wako?"

Kulikuwa na wimbo mmoja ambamo Malkia alipumzika na Chiriku akaimba ubeti mmoja peke yake. Kwa ubeti huo Fundi alikuwa akiutafuta mwanga mlaini, wa rangi ya asali, ambao hakumpa mwingine yeyote.

"Hata kwenye ubeti wangu. Niahidi."

"Nakuahidi." Fundi aliitazama spana kama vile ina maandishi. "Na hiyo kesho?"

"Kesho imeniganda hapa kooni, Fundi. Mimi nina jibu moja mfukoni, la Mfamasia. Kama kuna mtu mwingine mwenye swali la kuniuliza, basi wakati ndio huu."

Macho yao yakakutana. Nje, kwenye banda la kutoa nakala, mashine ilikuwa inakoroma. Chiriku aliona kifua cha Fundi kikipanda, akaona midomo ikifunguka, akashika kile chuma cha ngazi.

"Chiriku," Fundi alianza. "Mimi tangu siku ile ya kwanza uliyokuja hapa... ulivaa ile blauzi ya manjano... mimi nilikuwa kule juu, nikasema moyoni... ile balbu ya kushoto..."

"Balbu?"

"Ilikuwa inafifia. Nikasema lazima niibadilishe, maana—"

"Balbu!" Chiriku aliachia ngazi. "Mtu anaulizwa habari za moyo, analeta habari za balbu! Haya, kaipose hiyo balbu yako. Itakuzalia vibatari."

Akageuka, na kwa kuwa hasira haina macho, akajigonga kwa Malkia aliyekuwa anaingia na begi la nguo na miwani ya jua kichwani.

"Polepole, mdogo wangu, mimi ndiye mtaji wa ukumbi," Malkia alisema, kisha akamwangalia Fundi. "Na wewe, baba. Juzi nimeimba nusu ya wimbo gizani kama mwizi. Leo hiyo taa ikinitoka tu, nakuja kukushusha kwa mikono yangu."

"Leo haikutoki, dada," Fundi alijibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Leo haiendi popote."

*

Alasiri ukumbi ulijaa. Maonyesho ya mchana yalikuwa na watu wake: wanafunzi wanaowahi kurudi kusoma, wahadhiri wanaojificha nyuma ya nguzo wasionwe na wanafunzi, wazazi waliokuja kutembelea watoto. Shangazi aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, miwani puani, mgongo haugusi kiti. Kando yake Mfamasia alikaa kwa heshima zote, magoti pamoja, akinukia sabuni.

Bendi ikafungua. Malkia akaingia na gauni lenye kumetameta, taa ikampokea mlangoni mwa jukwaa na kumwandama hatua kwa hatua bila kukosea. Mfamasia alisahau kufunga mdomo.

Chiriku aliitikia kama kawaida, akicheza na wenzake wawili, na kwa nyimbo za mwanzo alijipongeza. Mambo yanakwenda sawa. Shangazi haoni kitu. Taa ilikuwa na nidhamu ya askari. Malkia alipovuta pumzi, ilimngoja hapo hapo. Malkia alipovuka kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine akipita mbele ya waitikiaji, taa ilizibwa kidogo, ikafunguliwa tena ng'ambo ya pili, ikiwa imemruka Chiriku bila hata kumgusa pindo.

Wanafunzi walianza kushangaa. "Leo taa haina kwao?" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na wenzake wakaangua kicheko.

Chiriku alicheka pia, kwa meno tu. Alianza kuhisi kitu asichokitarajia. Baridi. Kumbe ile taa ilikuwa na joto lake, joto dogo la shavuni ambalo kwa mwaka mzima alidhani ni la wimbo wenyewe. Kumbe mguu wake ulijua pa kukanyaga kwa kuufuata ule mwanga. Sasa alikanyaga waya, akachelewa kuitikia, na mpiga ngoma akamtolea macho.

Ukafika wakati wa kutambulishwa wanamuziki. Malkia aliwataja mmoja mmoja na taa ikawafikia: mpiga gitaa, mpiga kinanda, mpiga ngoma ambaye huwa haonekani kabisa nyuma ya sahani zake, hata yeye akamulikwa akainua fimbo. Waitikiaji wawili wakamulikwa. "Na Chiriku wetu!" Malkia alisema, akanyoosha mkono kuelekea giza. Watu walipiga makofi wakilielekezea giza lile lile.

Kisha ubeti wake.

Kinanda kilimwita, naye akaja mbele, kama alivyozoea, mpaka pale alama ya utepe wa gundi ilipo sakafuni. Akasimama. Akasubiri rangi ya asali. Ni yeye mwenyewe aliyeikataza, alijua hivyo, ila moyo haukai kikao na akili. Moyo ulikuwa umeinua uso na kusubiri.

Hakuna kilichokuja.

"Taa! Taa! Taa!" ukumbi ulianza kudai. Watu waligeuka kukiangalia kibanda. Wengine walipiga mbinja. Hata Malkia, aliyekuwa pembeni akinywa maji ndani ya mwanga wake, alionyesha kwa kidole: mpe mtoto taa, bwana. Ile taa haikusogea.

Basi Chiriku aliimba gizani. Aliimba kama mtu anayemwita mwenzake aliyekwisha kupanda gari. Ndiyo hivyo, alijisemea kati ya mstari na mstari. Nimemwambia aniache naye ameniacha, na ameniacha kirahisi hivi. Mwisho wa ubeti sauti ilimkatika kidogo tu, na ukumbi, uliokuwa na kelele, ukatulia kabisa.

Aliporudi nyuma alimtupia macho shangazi, akaona kitu kilichomtia baridi nyingine. Shangazi hakuwa akitazama jukwaa tena. Alikuwa amegeuza shingo, miwani imepandishwa, anakitazama kibanda cha taa jinsi anavyotazama dawati la mwanafunzi.

*

Onyesho lilipokwisha watu walitoka kwa kusukumana, na shangazi alibaki kwenye kiti chake. Mfamasia hakuwa kando yake. Alikuwa kwenye ngazi za jukwaa, amesimama mbele ya Malkia, anazungumza kwa mikono miwili.

"Usinywe maji ya baridi baada ya kuimba, tafadhali," alikuwa akimwambia. "Ya uvuguvugu, na chumvi kidogo, usukutue. Koo kama hilo ni la kutunzwa."

"Na nani atanikumbusha?" Malkia alimuuliza, miwani ya jua imeshuka hadi nchani mwa pua.

Masikio ya Mfamasia yaliiva.

"Chiriku," shangazi aliita. "Njoo ukae."

Chiriku alikaa kiti cha pili, mikono mapajani.

"Umeimba vizuri. Ubeti ule umenitoa machozi, na mimi si wa kulia hovyo. Sasa niambie. Nani yuko kule juu?"

"Ni fundi wa taa tu, shangazi."

"Tu?"

"Tu."

Shangazi alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akaanza kusafisha miwani bila haraka. Chiriku aliijua ishara ile. Ndiyo iliyokuwa ikiwatoa jasho wanafunzi wakubwa wenye ndevu.

"Mwanangu, unajua namna ninavyomkamata anayeibia? Watu wanadhani namtafuta anayechungulia. La. Kuchungulia kila mtu anachungulia, hata kwa kuchoka shingo. Mimi namtafuta yule anayejitahidi kupita kiasi asiangalie upande mmoja. Anaangalia dari, anaangalia dirisha, anaangalia kalamu yake, ila kushoto hageuki hata aitwe kwa jina. Nakwenda kushoto, nakuta karatasi."

Chiriku alijikuta anaangalia dari.

"Leo taa ile imemmulika kila mtu humu ndani. Mpiga ngoma kamulikwa. Mfagizi kapita na ndoo yake pembeni, kamulikwa. Wewe peke yako, ikikufikia inaruka kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Nikajiambia, huyu hakurukwa kwa kusahauliwa. Mtu hachukui taabu yote hiyo kwa kitu ambacho si chake. Ni nani huyo?"

Kutoka jukwaani ilisikika sauti ya Mfamasia ikisema "mara tatu kwa siku," na kicheko cha Malkia.

"Sikukudanganya, shangazi," Chiriku alisema hatimaye, na machozi yakamlenga. "Uliniuliza kama nina mtu. Sina. Hajaniambia neno hata moja. Ananimulika tu."

"Na leo kwa nini hakukumulika? Anakuonea haya mbele ya watu wako? Maana anayejua kukuficha leo, kesho atakuficha kwa ndugu zake."

"Ni mimi niliyemkataza. Nilimtaka aniahidi."

"Wewe?" Shangazi alirudisha miwani. "Na ukumbi mzima unampigia kelele, na yule malkia wenu anamwamuru kwa kidole, yeye akashikilia neno lako?"

"Alishikilia."

"Mmh," shangazi alisema. Ilikuwa mmh ndefu, yenye ghorofa. "Mwite ashuke."

Hakuhitaji kuitwa. Fundi alikuwa tayari chini ya ngazi, mikono nyuma, spana imetokeza mfukoni. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa taa?"

"Ndiyo, mama."

"Nina swali moja, na nataka jibu fupi. Una neno lolote na huyu binti yangu?"

Chiriku aliikodolea macho sakafu. Fundi alivuta pumzi.

"Mama, mimi... kwa kweli... tangu siku ya kwanza... unajua ile balbu ya kushoto—"

"Jibu swali lililoulizwa," shangazi alisema.

Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji la uso. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyepotezewa kitu, na mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe. Mimi sijazoea kusimama upande huu. Kule juu naona kila mtu, na hakuna anayeniona. Hapa chini macho yenu yananimaliza."

Shangazi aliguna, akaufunga mkoba. Ukifungwa mkoba ule, mtihani umekwisha. Chiriku alisikia ile klik ikimwingia hadi mifupani. Kesho wazee watakuja. Watakunywa chai, watauliza, na shangazi atajibu.

Akasimama.

Hakuaga wala hakueleza. Alikatiza katikati ya viti, akaifikia ngazi ya chuma, akavua viatu, akapanda. Hakuwahi kupanda kule hata siku moja. Kibanda kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, stuli moja, feni mbovu, na ile taa kubwa imeinamisha uso. Aliipapasa ubavuni hadi akapata kitufe. Ilikuwa ya moto bado.

"Fundi!" aliita kutoka juu. "Panda jukwaani."

"Mimi?"

"Wewe. Simama pale kwenye alama ya gundi. Mwaka mzima nimesimama mimi nikionwa na mtu nisiyemwona. Leo zamu yako."

Fundi alimwangalia shangazi. Shangazi, ambaye alikuwa ameinuka nusu, alikaa tena.

"Mwanangu, umesikia ulichoambiwa," alisema.

Fundi alipanda. Alisimama kwenye alama, mikono ikining'inia kama ya nguo iliyoanikwa, na Chiriku akaiwasha taa. Ikampiga usoni. Fundi akafumba macho, akayafumbua, akaweka kiganja juu ya nyusi. Alitazama mbele na kushoto na kulia.

"Sioni mtu," alisema kwa mshangao. "Kumbe mtu akisimama hapa haoni chochote?"

"Chochote," Malkia alimjibu kutoka pembeni. "Ndiyo maana tunathubutu."

Fundi alitulia. Mabega yakamshuka. Na pale, kwa kuwa hakuliona jicho la shangazi wala la yeyote, ule ulimi uliokuwa na kufuli ukafunguka.

"Chiriku," alisema akiuelekea mwanga. "Mimi sikujua. Wallahi nilidhani ni nati. Nimekaza ile nati mpaka imekwisha meno. Leo uliponikataza ndipo nilipojua, kwa sababu mkono huu ulikuwa unakwenda kwako wenyewe na mimi naushika kwa mkono wa pili. Nilipokuwa nasikia unaimba ule ubeti gizani niliuma kola ya shati. Itazame, imechanika."

Aliinyanyua kola. Ilikuwa imechanika kweli.

"Kabla ya sauti ya juu huwa unasugua mguu mmoja kwa mwingine. Ukicheka, unamcheka mpiga ngoma kabla hajamaliza kichekesho chake, kwa sababu umeshakisikia. Ukiwa na mtihani kesho yake, unaimba na vidole vinahesabu ubavuni. Naviona vyote hivyo. Nilidhani kuviona kunatosha." Akageuza uso kuelekea mstari wa mbele. "Mama, ninampenda bintiyo. Sina duka, sina shati kama la ndugu yangu pale, ila nikimwahidi neno nalishika, leo umeona. Kama ukinikubalia nitaleta wazee wangu."

"Usiniulize mimi," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichojificha, kama mtu anayezuia kicheko mbele ya darasa. "Mwenye jibu yuko juu."

"Na kesho, mama?" Mfamasia aliuliza kwa unyenyekevu kutoka kwenye ngazi za jukwaa. "Mimi... nilikuwa natafuta namna ya kuomba... wale wazee labda wapumzike kwanza."

"Nimekuona tangu wimbo wa kwanza, mwanangu," shangazi alimwambia bila kugeuka. "Wapumzike."

Fundi bado alikuwa amesimama ndani ya ule mwanga, uso ameuinua, anamtafuta mtu asiyeweza kumwona.

"Chiriku?" aliita. "Nitakuoa ukinikubali. Unanikubali?"

Chiriku, ambaye walimu walimhamisha dawati kila muhula kwa domo lake, ambaye shangazi alikuwa akimlipa pipi anyamaze, alikosa neno. Alifungua mdomo na kooni hakukuwa na kitu isipokuwa kilio na kicheko vinavyogombania mlango mmoja. Alishikilia taa kwa mikono yote miwili. Mikono ikatetemeka. Na kule chini, juu ya jukwaa, mwanga wote ukaanza kutetemeka juu ya Fundi, mabegani, kichwani, kwenye kola iliyochanika, na ukabadilika taratibu ukawa wa rangi ya asali, kwa kuwa kidole cha Chiriku kilikuwa kimeshapata kitufe cha rangi hiyo.

Shangazi alitazama lile duara la mwanga likicheza, akavua miwani, safari hii si kwa kuisafisha.

"Weka kalamu chini, mwanangu," alimwambia aliye juu. "Jibu lako limesomeka."